Akaweka Tena Mikono Yake

Neno la juma: Marko 8:22–25

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili lina tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, na mmoja wenu aliniomba zamu hii niandike mimi, kwa kuwa nimeshika chaki zaidi ya miaka kumi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa na watoto wa darasa la kwanza na la pili. Nilidhani nitachukua Yakobo 3:1, andiko ambalo walimu tumeshalizoea: "Ndugu zangu, msiwe waalimu wengi, mkijua ya kuwa mtapata hukumu kubwa zaidi." Nililiandika juu ya karatasi. Nilipoanza kuomba nikajikuta nipo kwa yule kipofu wa Bethsaida, na siku nne zote sikuweza kuondoka kwake.

Habari yake ameiandika Marko peke yake. Watu wanamleta kipofu, wanamsihi Yesu amguse. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate ya macho, anamwekea mikono, halafu anamwuliza: "Waona kitu?" Yule mtu anatazama juu, anasema anaona watu, ila anawaona kama miti, inakwenda. Marko anaendelea: "Ndipo akaweka tena mikono yake juu ya macho yake." Safari hii akaona vyote waziwazi.

Kuna wahubiri wanaoipita habari hii haraka, nadhani kwa sababu inawatia wasiwasi. Mbona Bwana aligusa mara mbili? Alishindwa ile ya kwanza? Mimi sijawahi kuona shida hapo. Mwalimu wa darasa la kwanza akisoma aya hizi anaona kitu anachokijua kabisa: mtu anafundishwa, anaulizwa, anajibu ukweli kwamba bado, na anayemfundisha anarudia bila kumkaripia.

Lile swali ndilo lililonishika kwanza. "Waona kitu?" Sisi darasani hatuulizi hivyo. Tunauliza, "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Kila aliyekaa kwenye dawati la shule ya msingi nchi hii anaujua mwitiko huo. Tunaupenda kwa sababu unaturuhusu kuendelea na mada. Andalio la somo linasema dakika thelathini zimekwisha, kengele inakaribia kugongwa, na watoto wamesema ndiyo. Ndani ya ile "ndiyo" moja kubwa, mtoto asiyeona kitu anaweza kujificha mwaka mzima.

Mmoja alijificha kwangu mwaka mmoja na nusu.

Nilipangiwa kazi mkoani Simiyu mwaka 2014, mimi Mpare wa Same, nikiwa sijawahi kufika Usukumani hata siku moja. Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 kufuta ada na michango, wazazi waliokuwa wakiwabakiza watoto machungani waliwaleta shuleni. Lilikuwa jambo jema, na nitalitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini asubuhi ile nilipofungua rejista ya darasa la kwanza na kuanza kuhesabu, niliishia 140. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Madawati yalitosha robo yao. Wengine walikaa chini wamebanana, daftari juu ya goti, na mimi nilifundisha nimesimama pale pale ubaoni kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kupitisha mguu.

Yule mtoto alikaa karibu na mlango. Mdogo wa umbo, mkimya, mfukoni ana vipande vya michembe anavyotafuna wakati wa mapumziko. Daftari lake lilikuwa zuri kuliko yote. Nikiandika tarehe ubaoni, anaandika tarehe. Nikiandika sentensi tano, zake tano zipo, herufi zimesimama sawasawa juu ya mstari, hata nukta hazikosekani. Niliweka vema, vema, vema kwa kalamu nyekundu. Ukisahihisha daftari 140 kwa siku, daftari kama lile ni kinywaji cha baridi. Nilishukuru Mungu kwa ajili yake na kufungua linalofuata.

Katikati ya darasa la pili nikaanza kuwaita mmoja mmoja mbele wasome. Zamu yake ilipofika alisimama akitazama kitabu, kimya. Nikamwambia soma. Kimya. Nikadhani ni kiburi, kwa sababu daftari lake lilinithibitishia kwamba anajua. Wapendwa, nilimchapa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko ni cha mwalimu mkuu, au cha mwalimu aliyepewa naye ruhusa ya maandishi, tena visizidi vinne. Sikuwa na ruhusa ya mtu. Hakulia. Alirudi akakaa pale mlangoni, akafungua daftari, akaanza kunakili kilichokuwa ubaoni.

Binti mmoja, ndugu yake wa ukoo, alinifuata jioni nikiwa nafunga ofisi ya walimu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, yeye anasema zile ni picha."

Nilimwuliza picha gani. Akasema, zile za ubaoni.

Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi mpaka giza likaingia. Mtoto yule alikuja shule akiwa hajui Kiswahili hata neno. Nyumbani kwao, machungani, kisimani, kote ni Kisukuma. Mimi nilimpokea kwa Kiswahili, nikamfundisha a, e, i, o, u kwa Kiswahili, nikamwuliza mmeelewa kwa Kiswahili, na alijifunza kwamba jibu la sauti ile ni "ndiyo, mwalimu". Mwaka mmoja na nusu alikuwa akichora. Kwa bidii kuliko wenzake wote, kwa mkono uliotulia, alichora herufi kama mtu anavyochora miti. Na mimi nilimpigia vema.

"Naona watu, kwani naona kama miti." Sasa nikisoma maneno hayo namwona yeye.

Angalieni kwamba yule kipofu aliweza kusema. Nimewaza sana jambo hili. Mbele ya Yesu, baada ya kuguswa, baada ya watu wa kijijini kumbembeleza Bwana kwa ajili yake, angeweza kabisa kusema "Naona, Bwana," ili asiwaaibishe waliomleta. Wengi wetu kanisani tungesema hivyo. Tumeombewa, tumewekewa mikono, tukaulizwa tunajisikiaje, tukajibu "Nimepona, haleluya," huku tunaona miti. Yule mtu alisema ukweli kwa sababu kitu fulani kwa huyu aliyemshika mkono kilimhakikishia kwamba hatachapwa kwa kusema bado. Mtoto wangu hakuwa na uhakika huo. Aliponyamaza ndipo alipokuwa ananijibu, na jibu lake nililipokea kwa fimbo.

Nilimwomba msamaha. Ilibidi yule binti anitafsirie. Watoto hawajazoea kuombwa msamaha na mwalimu. Alitazama chini, kisha akatazama mlango.

Tukaanza upya, chini ya mwarobaini nyuma ya madarasa, dakika ishirini baada ya wenzake kuondoka. Nilikuwa na vizibo vya soda nilivyoandika silabi kwa rangi. Nilianza na "mama", kama kitabu kinavyotaka, na sikupata kitu. Aliniangalia kwa adabu tu. Ndipo nilipomwendea jirani yangu, mama mmoja muuza mboga, nikamwomba anifundishe maneno ya Kisukuma. Mpaka hapo nilikuwa na "mwangaluka" ya kusalimia asubuhi, basi. Siku iliyofuata nikapanga vizibo viwili chini: ma, yu. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Alisema silabi ya kwanza. Akasema ya pili. Akazisema tena kwa haraka kidogo, akanyamaza, halafu akageuka akatazama njia inayokwenda kwao.

Nimepata barua za pongezi mbili kazini, na moja ina muhuri. Sijui zilipo. Uso ule ninao.

Mkitaka kujua Bwana alikuwa katika hali gani alipofika Bethsaida, rudini aya chache nyuma. Wapo kwenye chombo, wanafunzi wana mkate mmoja, wanahangaika kwa kukosa mikate. Wametoka kuona watu elfu tano wakilishwa, kisha elfu nne. Yesu anawauliza walichukua vikapu vingapi vya mabaki, na hapo wanajibu vizuri: kumi na viwili, saba. Hesabu wanaijua. Maana yake hawaijui. "Hamjafahamu bado?" anawauliza. Ni sauti ya mwalimu aliyechoka, na kwangu mimi kuisikia kinywani mwa Mwokozi ni faraja isiyo na kipimo. Wanafunzi wake walikuwa kumi na wawili, alikaa nao mchana na usiku, na bado wiki hii walisahau somo la wiki iliyopita. Anashuka chomboni na uchovu huo, na mtu wa kwanza kuletewa ni kipofu anayehitaji kuguswa mara mbili. Naye anamgusa mara mbili.

Sasa niseme lililo gumu. Bwana alimtoa yule mtu nje ya kijiji, akabaki na mmoja. Mimi nilikuwa na 140. Chini ya mwarobaini nilifikisha watano kwa mwaka. Na waliobaki? Wapo waliomaliza darasa la pili bila kusoma, nawajua kwa majina, na baadhi yao nikikutana nao mnadani wananiamkia kwa heshima, nami naitikia nikiwa na deni. Sina andiko la kulifuta deni hilo. Nimejaribu kujiambia kwamba ni la serikali, ni la wazazi, ni la msimu wa pamba unaowatoa watoto darasani. Kila mmoja ana fungu lake kweli. Usiku, nikipiga magoti, fungu langu halipungui.

Ndiyo maana huwa naumia nikisikia mtu anasema walimu wa siku hizi hawana wito. Nchi hii ilimpa Baba wa Taifa jina la kazi yetu. Aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, lakini "Mwalimu" alikufa nalo. Leo kijana akisema anakwenda kusomea ualimu, jamaa zake wanauliza kwani alama zilikataa wapi. Wenzangu wa sekondari waliosoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo wanakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, juu ya makato mengine, na pesa inayobaki ina kodi ya chumba, ina mzazi kijijini, ina ada ya mdogo wake mtu. Hapo ndipo anapojitokeza mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Mwenzangu mmoja alimwachia kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayekwenda kutoa mshahara, na yeye anaachiwa nauli. Mtu huyo kesho yake asubuhi anasimama mbele ya watoto tisini akifundisha hesabu za kutoa na kujumlisha. Nimemwona akifanya hivyo kwa upole, na nimemwona siku nyingine akifanya kwa hasira, na siwezi kumhukumu kwa zile siku za hasira kwa sababu nazikumbuka zangu.

Kuna mke na mume walimu, mmoja Simiyu mwingine Ruvuma, wanaosubiri uhamisho mwaka wa nne. Kuna mwalimu mjamzito anayetembea kilomita saba. Nayaandika haya ili mkiomba juma hili msiombe kwa jumla. Paulo anawaambia Wagalatia, "Mwanafunzi na amshirikishe mkufunzi wake katika mema yote." Najua anazungumzia mafundisho ya Neno. Lakini yule muuza mboga aliyenifundisha Kisukuma kwa miezi minne hakuwahi kukubali senti yangu moja kwa fungu la mchicha, na mimi naamini aliliishi andiko hilo kuliko wengi wanaolihubiri.

Na sisi kama kanisa tuna kitu cha kufanya, nakisema bila kuzunguka. Jengo letu linakaa limefungwa Jumatatu hadi Ijumaa mchana. Mabenchi yapo, ubao wa shule ya Jumapili upo. Tuna vijana wetu waliomaliza vyuo vya ualimu wanaosubiri ajira mwaka wa tatu, wa nne. Mtoto mmoja kwa kijana mmoja, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Ni ule mguso wa pili ambao mwalimu mwenye darasa la mia hawezi kuufikia hata akilia damu. Ninyi wazazi nanyi, mtoto akirudi tulieni kwanza na lile swali la amekuwa wa ngapi. Mpeni kitabu, au hata pakiti ya majani ya chai, mwulizeni kama Bwana alivyouliza: unaona nini hapa? Akijibu kitu kisichoeleweka, msicheke wala msimwite mzito. Yule kipofu naye alisema kitu kisichoeleweka, miti inayotembea, na Yesu alijua palepale akamshike wapi.

Mnaniuliza mara nyingi malipo ya kazi hii ni nini. Watu wanategemea nitaje daktari au mbunge niliyemfundisha. Sina. Yule mtoto wa mlangoni alimaliza darasa la saba, akaishia hapo. Sasa ni kijana, analima pamba na bibi yake na kuchunga ng'ombe za mjomba. Ila msimu wa kuuza ukifika, wazee wa mtaa wao humtafuta kabla ya kupeleka pamba AMCOS, chama chao cha ushirika. Anasimama kando ya mizani, anasoma kilo, anasoma stakabadhi, anawaambia kilichoandikwa. Hapimi yeye wala hanunui. Anasoma tu, na wazee wanarudi nyumbani wakijua wameuza nini. Nilipoambiwa habari hiyo niliingia ndani nikafunga mlango, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Lakini malipo yangu yenyewe niliyapata mapema zaidi, mwishoni mwa ule mwaka wa darasa la pili, na nimekuwa nikiyatumia mpaka leo kila ninapoishiwa.

Jumuiya ilifanyika kwa bibi yake. Bibi alikuwa na Biblia ya marehemu mumewe, imefungwa kwenye kitambaa cha kitenge, na tangu mzee azikwe haikuwa imesomwa na mtu wa nyumba ile, maana hapakuwa na anayejua kusoma. Wakati wa Neno ulipofika, mwenyekiti wa jumuiya alifungua yake. Bibi akamwomba asubiri. Akafungua kitambaa, akampa mjukuu wake kitabu, akaniangalia mimi, akasema, "Mayu, mwonyeshe pa kusoma." Nikamfungulia Zaburi 121. Nilijuta mara moja, kwa sababu neno la kwanza la zaburi ile ni refu na limejaa irabu, na hatukuwa tumefika huko chini ya mwarobaini.

Akaweka kidole. "Ni-ta-ya." Akasimama. Kijana mmoja nyuma yangu akataka kumtajia, na bibi akainua mkono bila kugeuka. Nyumba ikanyamaza. Mtoto akarudisha kidole mwanzo wa mstari. "Ni-ta-ya-i." Akavuta pumzi, akarudi tena. "Ni-ta-ya-i-nu-a." Akaitazama ile kazi aliyoifanya. "Macho. Yangu."

Bibi alikuwa akikitazama kidole. Hakuna aliyemharakisha. Aya nane zilituchukua karibu nusu saa, na chai yote ilipoa vikombeni.